Tusiharamishe Hadithi Tukaiacha Kamari Iliyojificha Ndani Yake

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, miongoni mwa mambo yanayowashughulisha wazazi wa Shinyanga, Kahama, Katoro na Geita katika zama hizi ni michezo ya kompyuta na simu, ambayo vijana wetu huiita gemu. Mzazi humkuta mwanawe ameinamia simu usiku wa manane, na katika kioo cha simu hiyo mna shujaa mwenye upanga, mchawi, zimwi na mahekalu ya miungu ya kubuni. Hushtuka, akauliza: je, jambo hili ni halali au ni haramu?

Aghalabu jibu analopewa ni moja kati ya mawili. Wapo wanaomwambia kwamba yote ni haramu, kwa kuwa mna uchawi na masanamu, na wapo wanaomwambia kwamba huo ni mchezo wa watoto tu, asijisumbue. Majibu yote mawili yana kasoro moja, nayo ni kwamba yanatazama picha iliyo juu ya kioo na kusahau duka lililo nyuma yake. Sisi tunasema kuwa katika gemu nyingi zinazofika mikononi mwa watoto wetu, hatari iliyo kubwa zaidi imo katika namna zinavyouzwa kuliko katika hadithi zinazosimuliwa.

Ni michezo ya namna gani?

Ziko gemu za mpira na za mbio za magari, lakini hizi tunazozizungumzia ni gemu za kuvaa uhusika. Mchezaji hupewa nafsi ya mtu wa kubuni, akamchagulia jina na kazi, akasafiri naye, akapigana, akafanya biashara, na kila anaposhinda jambo, yule mhusika wake hupanda daraja na kuwa na nguvu zaidi. Asili yake ya karibu ni mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachezwa kwa karatasi, kalamu na dadu. Baadaye wataalamu wa kompyuta waliuchukua mfano huo wakauingiza katika mashine zao, na leo studio za Marekani, Japani, China na Ulaya hutengeneza gemu za aina hiyo kwa gharama kubwa mno.

Wala jambo lenyewe si geni kwetu kama tunavyodhani. Mtoto wa Kisukuma aliyeketi kando ya moto akimsikiliza bibi yake akisimulia habari za Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we, lililowameza watu wa nchi nzima, naye alikuwa akiuvaa uhusika wa yule kijana shujaa moyoni mwake. Tofauti ni kwamba bibi hakumwuzia upanga wa kumwulia zimwi.

Hadithi ya kubuni katika mizani ya dini

Dini yetu haikuifungia akili ya mtoto mlango wa kubuni. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) aliporudi kutoka safari ya vita aliona vinyago vya kuchezea vya Bibi Aisha, radhi za Allah zimfikie, na katikati yake farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo. Alipomwuliza vipi farasi awe na mbawa, Bibi Aisha alimjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Sulaiman waliosemwa kuwa na mbawa. Mtume (S.A.W.) hakumkaripia, bali alicheka hadi meno yake ya ndani yakaonekana. Kadhalika, imethibiti kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, naye akawaacha.

Na wale wanavyuoni waliotutangulia walizisoma Maqamat za al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, na wakazifundisha kwa ajili ya ufasaha wake, ilhali mhusika wake mkuu ni mlaghai wa kubuni anayezunguka miji akiwahadaa watu kwa maneno matamu. Hawakusema kwamba msomaji wake amekuwa mlaghai.

Hatusemi kwamba kila hadithi inafaa. Ziko gemu zenye uchi na uasherati, na ziko zinazomtaka mchezaji achague mungu wa kubuni na kumwomba nguvu. Mtu mzima mwenye elimu hujua kwamba hiyo ni ngano. Lakini mtoto wa miaka 8, ambaye bado anajifunza maana ya shahada, hapaswi kuachwa peke yake na mambo hayo, na mzazi wake ana haki na wajibu wa kuyazuia. Hayo yanaonekana kwa macho, na mzazi akikaa na mwanawe kwa nusu saa atayaona. Lililofichika ni hili lifuatalo.

Kasha lililofungwa

Huko Japani kuna mashine ndogo za kuuzia vichezeo. Mtoto hutumbukiza sarafu, akazungusha mkono wa mashine, kikatoka kidonge cha plastiki chenye kichezeo asichokijua. Watu wa huko huziita gacha, kwa kuiga mlio wake. Studio za gemu za simu ziliuchukua utaratibu huo zikaupa jina hilo hilo. Gemu hutolewa bure, kisha mchezaji huuziwa nafasi ya kuvuta bahati ili ampate shujaa au silaha anayoitamani. Mwaka 2012 mamlaka ya Japani inayolinda walaji ilikataza aina moja ya gacha, ile iliyomtaka mchezaji akusanye kwa bahati seti nzima ya kadi ndipo apewe zawadi kubwa. Aina nyingine ziliendelea.

Tuchukue mfano ulio mashuhuri. Tarehe 28 Septemba 2020 studio ya miHoYo ya Shanghai, China, ilitoa gemu iitwayo Genshin Impact. Ni kazi ya ustadi mkubwa, yenye milima, muziki na hadithi ndefu, na kuipakua ni bure. Lakini wahusika wake wa daraja la juu hupatikana kwa kuvuta, na kiwango cha msingi ambacho kampuni yenyewe imekitangaza ni asilimia 0.6, yaani mivuto 6 katika 1,000. Ni kweli kwamba ifikapo mvuto wa 90 mchezaji huhakikishiwa kumpata mhusika wa daraja hilo, lakini hata huyo huenda asiwe yule aliyemtaka. Na mhusika anayetangazwa huwekwa kwa wiki chache tu, kisha huondolewa, ili mchezaji aone kwamba asipovuta leo atajuta kesho.

Aidha, bei yenyewe imefunikwa. Fedha taslimu hununua fuwele, fuwele hubadilishwa kuwa vito, vito hubadilishwa kuwa kibali cha kuvuta, na kibali ndicho kinachovutwa. Mtoto aliyefika hatua ya nne hana tena habari ametumia shilingi ngapi. Enyi watu wa Geita, nyinyi mnajua vizuri kwamba gramu ni gramu, na kwamba mnunuzi wa dhahabu anayekubadilishia vipimo mara tatu kabla ya kukutajia bei hakutakii kheri. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima yenye onyo kwa wanaopunja vipimo, nayo ni Suratul Mutaffifin.

Mwezi Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza makubaliano na Cognosphere, kampuni inayouza gemu hiyo kwa jina la HoYoverse. Tume iliituhumu kwamba iliwahadaa watoto na wachezaji wengine kuhusu gharama na uwezekano wa kupata zawadi. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 20, na kutowauzia makasha hayo walio chini ya miaka 16 bila idhini ya wazazi. Kwa ajili ya uadilifu tuseme pia kwamba kampuni ilieleza kuwa tuhuma nyingi haikuziona kuwa sahihi, ila ilikubali kumaliza shauri.

Biashara ya kurusha kijiwe

Watetezi wa makasha haya wana hoja moja wanayoirudia. Wanasema hii si kamari, kwa sababu mnunuzi hatoki mikono mitupu, kila avutapo hupata kitu, japo kidogo. Na serikali za dunia zimetofautiana katika jambo hili. Tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua mwezi Aprili 2018 kwamba makasha ya kulipia katika baadhi ya gemu, ikiwemo ile ya mpira ya FIFA 18, yanavunja sheria ya kamari. Uholanzi ilitoza faini ya euro milioni 10 kwa jambo kama hilo, lakini mahakama yake ya juu ya utawala iliifuta mwezi Machi 2022. Na Uingereza mwaka huo huo wa 2022 iliamua kutoibadilisha sheria yake ya kamari kwa ajili ya makasha hayo.

Ama sisi, fiqhi yetu ililijibu swali hili kabla ya kuwepo umeme. Katika Sahihi Muslim, Abu Huraira, radhi za Allah zimfikie, amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza biashara ya kijiwe na biashara ya gharari, yaani ile ambayo mnunuzi hajui anachokinunua. Wanavyuoni wameifafanua biashara ya kijiwe kwa sura kadhaa, na mojawapo ni hii: muuzaji hutandika nguo zake, mnunuzi hulipa bei maalumu, kisha hurusha kijiwe, na nguo kitakayoiangukia ndiyo yake.

Zingatieni, ndugu zangu. Mrusha kijiwe naye hakutoka mikono mitupu. Kila alipolipa aliondoka na nguo, ama joho la thamani au tambara. Wala hakuna aliyemdanganya kwamba tambara halimo katika fungu. Hata hivyo biashara hiyo ilikatazwa, kwa kuwa kilichouzwa si nguo, bali ni tamaa ya nguo iliyo bora. Basi ikiwa kurusha kijiwe juu ya nguo za kweli, zinazoonekana kwa macho, kumekatazwa, vipi kuhusu kumvutia mtoto kasha ambalo halionekani, lenye picha ya shujaa ambayo hawezi kuivaa, kuiuza wala kumrithisha mwanawe?

Na katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, kamari imetajwa pamoja na ulevi, na sababu zake zimebainishwa: hutia uadui na chuki, na humzuia mtu na kumkumbuka Mola wake na Swala. Mzazi aliyemnyang'anya mwanawe simu katikati ya mvuto, akauona uso wa mtoto huyo ulivyogeuka, hahitaji mfasiri wa aya hizo.

Hoja ya watu wa machimbo

Huenda msomaji wa Nyarugusu au Rwamagasa akasema: “Sheikh, sisi maisha yetu yote ni bahati. Mtu huchimba duara miezi mitatu asipate kitu, na jirani yake akapata kwa wiki moja. Je, nasi tunacheza kamari?”

La hasha. Mchimbaji anatoa jasho lake, na riziki iliyo chini ya ardhi imewekwa na Mwenyezi Mungu, ambaye hana faida katika hasara ya mja wake. Mwamba haukujui jina. Haukuhesabu umeshuka mara ngapi, wala haujifichi zaidi kwa kuwa umeona unakaribia kukata tamaa. Studio ndiyo inayoweka dhahabu katika mwamba wake, ndiyo inayopanga iwe kwa kiasi gani, na ndiyo inayolipwa kila unapopiga sururu. Tena mnunuzi wa mawe mwenye busara huchukua sampuli, akaitwanga na kuiosha kabla ya kufunga bei. Anayenunua viroba vya mawe kwa kukisia tu, bila kupima, naye ajihadhari, maana amekikaribia kile kijiwe.

Hapa ndipo ulipo msiba wetu hasa. Sisi watu wa ukanda wa dhahabu tumekwisha kuzoea neno “nikitoboa”. Nikitoboa nitajenga, nikitoboa nitaoa, nikitoboa nitamrudisha mtoto shule. Mtoto anayekulia katika nyumba ya maneno hayo, kisha akapewa gemu inayomfundisha kila siku kwamba ushujaa huja kwa kuvuta na wala si kwa kujenga uwezo hatua kwa hatua, atakapofikia umri wa kuona mashine za kamari za kutumbukiza sarafu atazikuta kama rafiki wa zamani. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamzuia aliye chini ya miaka 18 asicheze kamari. Lakini simu iliyo mfukoni haina mlinzi mlangoni.

Studio si zote sawa

Uadilifu unatutaka tuwatofautishe waundaji. Mwezi Agosti 2023 studio ya Larian, yenye makao yake Ghent nchini Ubelgiji, ilitoa gemu ya kuvaa uhusika iitwayo Baldur's Gate 3. Iliuzwa kwa bei moja, dola 60 hivi, na hapana kasha la bahati ndani yake. Aliyeinunua aliipata yote. Mwezi Desemba mwaka huo ilipewa tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards. Gemu hiyo haifai kwa watoto, kwani mna uchi na umwagaji damu, na katika nchi nyingi za Ulaya imewekewa alama ya miaka 18. Lakini biashara yake ni ya wazi: bei inajulikana na kinachouzwa kinajulikana. Wale wanaosema kwamba haiwezekani kupata faida bila makasha ya bahati wamejibiwa na soko lenyewe.

Hata Afrika imo. Huko Yaoundé, Kameruni, studio ya Kiro'o Games ilifunguliwa mwaka 2013 chini ya Olivier Madiba, na mwezi Aprili 2016 ilitoa gemu ya kuvaa uhusika iitwayo Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Hadithi yake ni ya mfalme kijana Enzo na mkewe Erine, waliopinduliwa na shemeji, wakatoka pamoja kutafuta msaada na nguvu za mababu. Mume na mke wanasafiri bega kwa bega. Nayo iliuzwa kwa bei moja. Walioifanya kazi hiyo ni vijana wa Kiafrika kama wetu, na umeme wao hukatika kama wetu.

Hata hivyo, tukiri ukweli mmoja mchungu. Gemu ya bei moja huhitaji dola 60 na mashine ya gharama, na hiyo haifiki kirahisi Katoro. Inayofika Katoro ni ile ya bure. Na ile ya bure aghalabu ndiyo iliyo na kasha ndani. Kwa hiyo mtoto wa maskini ndiye anayekutana zaidi na biashara ya kijiwe, na neno “bure” ndilo chambo chake. Mzazi anaposikia “ni ya bure, baba”, hapo ndipo anapopaswa kufungua macho.

Wajibu wetu

Kwanza, mzazi asiulize tu “unacheza nini?” Aulize pia “wanauza nini humo?” Amwambie mwanawe amwonyeshe duka la gemu hiyo. Akiona kwamba kitu kinachouzwa hakijulikani mpaka baada ya kulipa, ajue hicho ni kijiwe, na amkataze kukinunua kwa kumweleza sababu, si kwa bakora peke yake. Mtoto aliyeelezwa habari ya kurusha kijiwe ataitambua biashara hiyo hata ikija kesho kwa sura nyingine.

Pili, namba ya siri ya pesa za simu isiwe ya familia nzima. Baba anayeshinda machimboni wiki nzima, akaiacha simu na namba zake nyumbani, ameacha mlango wa ghala wazi.

Tatu, tuweke mipaka ya wakati. Tangu Septemba 2021 serikali ya China yenyewe, ambako gemu nyingi hizi hutengenezwa, imewaruhusu watoto kucheza gemu za mtandaoni saa 1 tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, katika siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Shirika la Afya Duniani nalo limeuingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, ingawa wachezaji walio wengi hawafikii hali hiyo. Nasi tunazo Swala tano, ambazo ni mipaka ya siku iliyowekwa na Aliyetuumba. Gemu inayomfanya kijana aikose Alasiri imejihukumu yenyewe.

Nne, na hili ni zito kuliko yote: baba anayebeti, mwenye mkeka wake mfukoni, atamkataza vipi mwanawe kuvuta kasha? Mtoto haoni tofauti, na kwa hakika tofauti haipo. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba hata mwenye kumwambia mwenzake maneno tu ya kumwita kwenye kamari na atoe sadaka. Ikiwa neno la mwito lina kafara yake, basi mfano unaotolewa na mzazi kila Jumamosi mbele ya wanawe una uzito gani?

Na vijana wetu wanaosomea kompyuta wasikatazwe kuota. Masala Kulangwa bado anasubiri mtu wa kumtia katika gemu, na ikitengenezwa kwa bei ya wazi, bila kasha wala hila, tutakuwa wa kwanza kuwaambia wazazi wainunue.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, awahifadhi watoto wetu na tamaa ya mali isiyo na jasho, na atupe sisi wazazi ujasiri wa kuanza na nafsi zetu. Wabillahi tawfiq.